Bei ya Gitaa Kuukuu: Nani Hutengeneza Thamani, Nani Huivuna?

Muhula uliopita, katika semina ya uchumi wa kisiasa, niliwataka wanafunzi waniambie thamani ya bidhaa hutoka wapi. Majibu yalikuja kama yalivyo vitabuni: hutoka katika kazi, hutoka katika uhaba, hutoka katika haja ya mnunuzi. Ndipo kijana mmoja aliyekaa nyuma, mpiga gitaa katika kwaya ya kanisa lao, akanyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "gitaa letu la kwaya lina miaka kumi, na mhazini anataka kulifuta kwenye orodha ya mali kwa kuwa limechakaa. Lakini Marekani kuna gitaa la mwaka 1959 linalouzwa kwa malaki ya dola. Je, uchakavu wa kwao hauhesabiwi?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu sikuwa na jibu la dakika tano. Mhazini wa kwaya alikuwa sahihi kwa kanuni za uhasibu ambazo kila mtumishi wa umma anazijua: kifaa hununuliwa, hutumika, hupunguziwa thamani mwaka hadi mwaka, na mwisho hupigwa mnada pamoja na viti vilivyovunjika. Kwa kanuni hiyo, gitaa la mwaka 1959 lilipaswa kufikia sifuri kabla baba yake kijana yule hajazaliwa. Halikufikia sifuri. Lilishuka, likapanda, likashuka tena, na kila mara lilipopanda au kushuka palikuwa na sababu ya kihistoria inayoweza kuelezwa. Makala haya ni jibu langu nililochelewa kulitoa.

Gitaa lililokataliwa

Tuanze na gitaa lenyewe. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson, iliyokuwa na kiwanda chake katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, ilitoa gitaa la umeme lililopewa jina la mwanamuziki mashuhuri wa zama hizo, Les Paul. Lilikuwa jibu la kibiashara kwa mshindani wake wa California, Leo Fender, ambaye tangu mwaka 1950 alikuwa akiuza magitaa ya umeme yaliyotengenezwa kwa gogo zima la mbao, yasiyo na tumbo wazi kama la gitaa la kawaida. Les Paul za kwanza zilipakwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1957 ziliwekewa vinasa vipya vilivyobuniwa na mhandisi Seth Lover. Kinasa ni sumaku na waya uliozungushwa, hukaa chini ya nyuzi na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme. Kile cha Lover kilikuwa na koili mbili zilizozima mvumo uliokuwa ukiwasumbua wanamuziki. Mwaka 1958 rangi ya dhahabu ikaachwa. Badala yake ikaja rangi ya njano katikati inayokolea kuwa nyekundu pembezoni, mithili ya jua linapochomoza.

Umma haukuitaka. Wapigaji wa muziki wa jazi waliona gitaa lenyewe ni dogo na zito. Vijana wa rock and roll walivutwa na magitaa mepesi ya Fender. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Gibson ilitengeneza magitaa ya aina hiyo yanayokadiriwa kuwa 1,500 hivi, kisha ikaacha. Mwaka 1961 umbo jipya kabisa, jembamba na lenye pembe mbili, likachukua nafasi yake. Bei ya kiwandani ilikuwa kati ya dola 240 na 280 kulingana na mwaka. Kwa kuwa kima cha chini cha mshahara nchini Marekani wakati huo kilikuwa dola moja kwa saa, kibarua wa kima hicho angelazimika kufanya kazi zaidi ya wiki sita, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ili alinunue.

Katika kipindi hicho chote hakuna mtu aliyeliita gitaa hili hazina. Lilikuwa bidhaa iliyoshindwa sokoni. Ukifuata kanuni ya mahitaji peke yake, hadithi ingeishia hapo. Uhaba nao haukutosha: vitu adimu vipo vingi duniani ambavyo hakuna anayevitafuta.

Sauti ilitoka wapi?

Aliyeligeuza gitaa hilo kuwa kitu cha kutamaniwa hakuwa mwenye kiwanda. Tukitaka kuwa waaminifu kwa historia, itabidi tuanze kwa Wamarekani weusi waliopiga blues. Muddy Waters alipiga Les Paul ya dhahabu huko Chicago katika miaka ya 1950. Freddie King, mzaliwa wa Texas, alipigwa picha na Les Paul yake ya dhahabu kwa ajili ya jalada la santuri iliyotoka mwaka 1961. Santuri hiyo ilivuka bahari hadi Uingereza, ikaangukia mikononi mwa kijana aitwaye Eric Clapton. Clapton mwenyewe ameeleza kwamba ni ile picha ya Freddie King iliyomfanya atafute Les Paul. Akaipata, ya zile zilizokwisha kuachwa na kiwanda, na mwaka 1966 akarekodi nayo akiwa na bendi ya John Mayall. Aliunganisha gitaa hilo na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa sauti hadi karibu na mwisho, na sauti nzito iliyopasuka, ambayo mafundi mitambo wangeiita kasoro, ikawa sauti ya kizazi.

Kuanzia hapo kila kijana mwenye bendi alitaka gitaa ambalo kiwanda kilikuwa hakilitengenezi tena. Gibson iliirudisha Les Paul sokoni mwaka 1968, lakini wapigaji walisema si ileile. Huo ndio mwanzo wa soko la magitaa makuukuu: wateja walitaka kazi ya jana kwa sababu waliamini kwamba kazi ya leo imeharibika.

Imani hiyo ilikuwa na msingi, nao ulikuwa mabadiliko ya umiliki. Januari 1965 shirika la utangazaji la CBS liliinunua kampuni ya Fender kwa dola milioni 13. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko dola milioni 11.2 ambazo shirika hilohilo lilikuwa limelipa mwaka mmoja kabla kwa asilimia 80 ya timu ya besiboli ya New York Yankees. Gibson nayo iliingia chini ya kampuni iliyokuja kuitwa Norlin mwishoni mwa miaka ya 1960. Wamiliki wapya walitaka magitaa mengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Wanamuziki waliihisi tofauti mikononi mwao, na katika lugha yao likaingia neno ambalo hadi leo hupandisha bei: "kabla ya CBS". Katika somo letu tungesema kwamba tarehe ya mkataba wa kampuni iligeuka kuwa sehemu ya thamani ya bidhaa. Gitaa la Fender la mwaka 1964 na la mwaka 1967 yanaweza kufanana machoni pa mgeni, lakini soko linaona kati yake mpaka uliochorwa na wanasheria.

Freddie King alifariki Desemba 1976 akiwa na umri wa miaka 42, akiwa amechoshwa na safari za maonyesho zisizokoma. Ile sauti aliyosaidia kuizaa iliendelea kupanda bei bila yeye.

Yeni, Wall Street na mnada

Katika miaka ya 1970 Les Paul za jua, ambazo wakusanyaji walikwisha kuzipa jina la Burst, ziliuzwa kwa elfu chache za dola. Wauzaji walikuwa watu waliozunguka na magari kwenye maduka ya rehani na miji midogo, wakinunua kwa wajane na wastaafu wasiojua walichonacho. Clapton mwenyewe mwaka 1970 alinunua huko Nashville magitaa kadhaa ya Fender Stratocaster kwa bei nafuu, kwa sababu wakati huo yalikuwa yamepitwa na mtindo. Machache akawagawia rafiki zake. Yaliyobaki matatu akayavunja, akachukua shingo ya hili na mwili wa lile, akaunganisha gitaa moja jeusi alilolipiga kwa miaka mingi.

Mpando mkubwa wa kwanza haukuletwa na muziki. Septemba 1985 mawaziri wa fedha wa nchi tano tajiri walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha thamani ya dola. Kabla ya mkutano huo dola moja ilinunua takriban yeni 240. Miaka mitatu baadaye ilinunua yeni kama 125. Kwa Mjapani mwenye yeni mfukoni, kila kitu kilichouzwa Marekani kilikuwa kimepunguzwa bei kwa karibu nusu. Wafanyabiashara wa Tokyo na Osaka wakaingia sokoni, na magitaa makuukuu yakavuka Pasifiki kwa wingi, kama ilivyokuwa kwa michoro ya wasanii wa Ulaya na majengo ya New York. Soko la hisa la Tokyo lilifikia kilele siku za mwisho za Desemba 1989, kisha likaanguka. Wanunuzi wale wakapungua, na baadhi ya magitaa yakaanza safari ya kurudi yalikotoka. Mbao ni zilezile, nyuzi ni zilezile. Kilichobadilika ni sera ya fedha.

Mpando wa pili ulikuja na minada. Mwaka 1999 Clapton aliuza sehemu ya magitaa yake kwenye mnada wa Christie's, New York, ili kuchangia kituo alichokianzisha kisiwani Antigua cha kuwatibu waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Gitaa moja lilifikia dola 497,500. Mwaka 2004 lile jeusi la viraka liliuzwa kwa dola 959,500. Mwaka 2005 huko Doha, Qatar, Stratocaster iliyotiwa saini na wanamuziki wengi mashuhuri ili kuwachangia waathirika wa tsunami ilifikia dola milioni 2.7.

Tuitazame minada hiyo kwa jicho la mchambuzi. Sheria ya kwanza ya wakusanyaji ni uhalisi. Gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya bei yake, hata kama rangi mpya ni nzuri kuliko ya zamani. Lehemu ya nyaya ikiguswa, bei hushuka. Kikaratasi kilichobandikwa chini ya vinasa vya Lover, chenye maneno ya kuarifu kwamba hataza imeombwa, hutafutwa kwa tochi na kioo. Wekundu uliofifia kwa sababu kiwanda kilitumia rangi isiyostahimili jua, kasoro iliyorekebishwa mwaka 1960, leo huvutia wakusanyaji. Kwa sheria hizo gitaa jeusi la Clapton, lililounganishwa kutokana na magitaa matatu, lingepaswa kuwa rahisi kama kifaa cha dukani kwa fundi. Likauzwa kwa karibu dola milioni. Ni wazi kwamba mnunuzi wa mnadani halipii mbao. Analipia ukaribu na mtu fulani, na siku fulani katika maisha yake mwenyewe.

Minada ile iliwaambia wenye fedha kwamba gitaa linaweza kuwekwa pamoja na dhahabu na hisa. Kuanzia mwaka 2002 hivi hadi 2007 bei zilikimbia. Watu wasiojua kupiga hata noti moja walinunua magitaa, wakayafungia kwenye makasha na kuyaweka katika vyumba vyenye unyevu maalumu. Washauri wa uwekezaji walionyesha michoro ya mstari unaopanda bila kushuka. Kisha Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Waliokuwa wamekopa kwa dhamana ya nyumba walihitaji fedha taslimu, na gitaa ni moja ya vitu vya kwanza mtu anavyoweza kuuza bila kuhama nyumba. Wauzaji wakawa wengi, wanunuzi wakatoweka, bei zikaporomoka. Wengi walionunua kwenye kilele walisubiri zaidi ya miaka kumi kuziona tena bei zile, wengine hawakuziona.

Ukafika ugonjwa wa UVIKO-19. Mwaka 2020 watu walifungiwa majumbani, riba ilikuwa karibu na sifuri, na biashara ya magitaa, mapya na makuukuu, ikachangamka kuliko miaka mingi iliyotangulia. Fender ilitangaza mauzo ambayo haikuwahi kuyafikia. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, fedha ikawa ghali, na soko likapoa tena.

Umri wa kumbukumbu

Mpaka hapa tumeona yeni, riba na mikopo. Lakini nguvu hizo zinaeleza lini bei hupanda. Hazielezi kwa nini ni gitaa hili na si lile. Hapo tunahitaji hesabu nyingine, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya kwenye daftari.

Mtu aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1966, Clapton aliporekodi na Mayall, alizaliwa mwaka 1950. Mwaka 2007, bei zilipofikia kilele, alikuwa na miaka 57: watoto wamemaliza shule, nyumba imelipiwa, mshahara uko juu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alichokitamani akiwa kijana bila uwezo wa kukinunua, sasa anaweza. Alikuwa na wenzake mamilioni, kwani kizazi kilichozaliwa Marekani kati ya mwaka 1946 na 1964 kilikuwa kikubwa mno kwa idadi.

Sasa chukua aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1991, bendi ya Nirvana ilipotoa albamu yake iliyoitikisa dunia. Alizaliwa mwaka 1975. Mwaka 2020 alikuwa na miaka 45. Ni mwaka huohuo ambapo gitaa la Martin ambalo Kurt Cobain alilipiga katika tamasha la televisheni mwaka 1993 liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Miaka miwili baadaye Fender Mustang yake, aina ambayo kiwanda kiliibuni mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza kujifunza, ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 4.5. Wanamuziki wa kizazi cha Cobain walichukua magitaa ya aina hiyo kwa sababu yalikuwa rahisi: yalikuwa yamedharauliwa, yamejaa kwenye maduka ya rehani. Umaskini wao uliyapa sauti, na sauti hiyo ikayapandisha bei hadi kijana maskini wa leo asiweze kuyagusa.

Hivyo mwendo unajirudia. Gitaa hudharauliwa, asiye na fedha hulichukua kwa kuwa ndilo analoliweza, hulipa maisha, kizazi kinachomsikiliza hukua na kupata fedha, bei hupanda, wenye mitaji huingia, bei hupanda zaidi, kizazi huzeeka na kuanza kuuza. Waliozaliwa mwaka 1950 sasa wamepita miaka 75. Watoto na wajukuu wao watarithi makasha mengi. Wengi wa warithi hao hawakukua na sauti ya mwaka 1966 masikioni, na hakuna sheria ya uchumi itakayowalazimisha kuipenda. Magitaa machache yenye majina makubwa huenda yakaendelea kupanda kama michoro ya makumbusho. Mengine yatakuwa magitaa tu.

Mikono isiyoonekana mnadani

Rudi sasa kwenye swali la mwanafunzi wangu. Je, kazi imo wapi katika bei hii?

Imo, lakini kwa namna ya ajabu. Katika kiwanda cha Fender cha Fullerton, California, miaka ya 1950, wafanyakazi wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Tadeo Gomez alichonga shingo za magitaa na kuziandika kwa penseli herufi za jina lake, TG, mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona bila kulifungua gitaa. Abigail Ybarra aliajiriwa mwaka 1956 na kwa miongo mingi alizungusha waya mwembamba kuliko unywele kwenye vinasa. Herufi zile ziliwekwa kwa ajili ya msimamizi, ili kazi ikiharibika ajulikane aliyeiharibu. Leo mkusanyaji akifungua gitaa na kukuta TG, hulipia zaidi. Ybarra alibahatika kuliona jina lake likiheshimiwa akiwa bado kazini, na kampuni ikauza vinasa vilivyobeba jina lake. Lakini alama nyingi za namna hiyo ni za watu waliolipwa ujira wa kiwandani, wakastaafu, wakafa, na tofauti kati ya ujira wao na bei ya mnadani ikaenda kwa waliokuja baadaye.

Nyuma ya mikono kuna miti. Ubao wa shingo ya Burst, ule ambao vidole huukanyagia, ulitokana na mti wa Brazil uitwao kitaalamu Dalbergia nigra. Ulikatwa kwa pupa hadi mwaka 1992 ukaingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku isipokuwa kwa mbao zilizothibitishwa kuwa za kabla ya hapo. Uharibifu wa msitu ukaongeza sababu moja zaidi ya kulitukuza gitaa la zamani: mbao zake haziwezi kupatikana tena kihalali.

Hapa hadithi inafika nyumbani kwetu bila kuvutwa. Ndugu wa mti huo katika jenasi ya Dalbergia ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, mti wa taifa wa Tanzania, unaotumika duniani kutengenezea klarineti na obo. Mwaka 2017 jenasi nzima iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, na ala zilizokuwa na mbao hizo zikaanza kuhitaji vibali ziliposafirishwa kibiashara. Watengenezaji na wanamuziki wa nchi tajiri walilalamika kwa nguvu. Mwaka 2019 mkutano wa Geneva ukaziondolea sharti hilo ala zilizokamilika pamoja na vipuri vyake vilivyokamilika, ukiacha ule mti wa Brazil chini ya marufuku yake. Gogo la mpingo likitoka Kilwa bado lahitaji kibali. Klarineti iliyotengenezwa kwa gogo hilo huko Ulaya haihitaji. Sisemi kwamba kibali cha gogo ni kibaya, maana msitu unahitaji kulindwa. Nasema kwamba tuone mpaka umechorwa wapi: mzigo wa ulinzi umebaki kwenye malighafi, na uhuru wa biashara umekwenda kwa bidhaa iliyokamilika.

Na magitaa ya kwetu?

Gitaa la umeme lina historia ndefu Afrika Mashariki, na historia hiyo ina suala lake la umiliki. Baada ya uhuru, bendi nyingi za Tanzania zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina lake lilibadilika kila chama hicho kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Alipohama bendi, aliondoka na vidole vyake. Gitaa lilibaki stoo. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, aliyemiliki vyombo ndiye aliyemiliki bendi.

Mfumo huo ulikuwa na fadhila zake. Uliwapa wanamuziki ujira wa mwezi na hadhi ya mfanyakazi, jambo ambalo Freddie King hakulipata. Lakini ulikiweka chombo katika daftari la mali, mahali ambapo thamani hupungua tu. Daftari lile halikuwa na safu ya kuandika ni nani alikipiga chombo hicho, katika wimbo gani, mwaka gani.

Safu hiyo ndiyo inayotenganisha gitaa la Kalamazoo na gitaa la stoo. Kiwanda cha Gibson kiliandika namba ya kila Burst kwa wino nyuma ya kichwa chake. Ndiyo sababu leo mtu ana pa kuanzia anapotaka kuthibitisha gitaa lipi ni la kweli na lipi ni la kughushi. Thamani ilipokuja kudaiwa, ushahidi ulikuwepo. Mashabiki wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, si wachache kuliko mashabiki wa wapigaji wengi ambao magitaa yao yamepanda mnadani. Waliokuwa na miaka 16 mwaka aliofariki wamekwisha kuvuka 60. Kumbukumbu ipo. Kinachohitajika ni hati ya kuishikilia.

Siwashauri watumishi wa umma wageuke madalali wa magitaa. Bei ya mnadani, kama tulivyoona, ni ndege anayeruka kwa upepo wa riba na uzee wa kizazi. Asiwe ndiye kipimo cha heshima yetu. Ninachokiomba ni kidogo na kinawezekana. Kabla kamati ya uondoshaji mali haijapiga mnada vyombo vya bendi iliyokuwa chini ya taasisi ya umma, imwite mwanamuziki mmoja mzee aviangalie na aseme. Aliyosema yaandikwe, yawekewe namba na tarehe, na nakala ipelekwe makumbusho. Kazi hiyo ni ya siku moja, na haihitaji bajeti.

Kwa kijana wa kwaya, jibu langu ni hili. Uchakavu wa kwao nao huhesabiwa, lakini huhesabiwa na watu walioandika gitaa limepita wapi. Waliolipa sauti yake mara nyingi hawakuwa wao, na faida haikurudi kwa waliolichonga wala kwa waliolipiga. Hivyo mhazini akija na orodha yake, usigombane naye. Muombe nafasi ya mstari mmoja chini ya neno "limechakaa", uandike nyimbo mlizozipiga nalo na majina ya waliozipiga.